Mwalimu na Sambusa za Oveni

Mwalimu hakuwahi kubisha mlango wa mtu. Alisimama nje ya lango, akaita jina lako mara moja kwa sauti ileile aliyoitia majina darasani, nawe ukatoka mbio hata kama kichwa kilikuwa na povu la sabuni. Mimi ni mama wa watoto wakubwa, nauza mbegu na dawa za mifugo, na wakulima wenye mvi hunyamaza nikiwaeleza jinsi ya kuchanganya dawa ya kupe. Lakini nikimsikia Mwalimu langoni nilirudi kidato cha pili papo hapo, nikaanza kujiuliza nimekosa nini.

Alinifundisha sayansi-kimu, somo la upishi na utunzaji wa nyumba, katika shule ya wasichana kule Nyeri. Miaka ikapita, nikaolewa, mume wangu akanileta kwenye mtaa ulio juu ya mto, na asubuhi ya kwanza nilipochungulia juu ya ua wa miiba ya kaiyaba nikamwona yeye anaanika nguo. Niliona Mungu naye ana mzaha. Tuliishi hivyo, ua mmoja katikati yetu, mpaka mwaka huu nilipohamia Kutus kufungua duka langu mwenyewe. Bado simu ya jirani yeyote wa Nyeri ikilia, huitazama kwanza kabla sijapokea, kwa sababu naogopa nitakaloambiwa.

Mimi ni mwoga, na ni afadhali niseme mapema. Baba yangu alianguka akafa katikati ya mistari ya kahawa kule Gakindu, asubuhi ya jua, kikapu kikiwa bado kiunoni. Kabla ya hapo alikuwa akizunguka nyumbani amejifunga kitambaa kichwani, ukimuuliza anasema ni baridi tu. Tulimwamini kwa sababu Gakindu kuna baridi. Tangu siku hiyo mtu akishika kichwa mbele yangu, humwangalia mpaka aushushe mkono.

Lakini nilitaka kueleza mikono ya Mwalimu kwanza. Aliweza kukunja sambusa bila kuangalia. Alishika utepe wa unga, akaukunja mara hii na mara hii, ukawa kikombe chenye pembe, akatia nyama, akapaka ukingo uji mzito wa unga na maji, akafunga, na wakati huo wote alikuwa anakugombeza wewe kuhusu jambo jingine kabisa. Pembe zote tatu zilikuwa kali. Sambusa yenye tundu kwenye pembe aliiita mlango wazi, akairudisha ikunjwe upya, maana alisema mafuta ni mwizi, hayahitaji nafasi kubwa.

Na mafuta yalikuwepo. Jumapili baada ya ibada majirani tulikusanyika kwake, na karai lilikuwa jikoni tangu asubuhi. Nyama ya kusaga yenye mafuta yake, kitunguu kingi, dania, pilipili kidogo. Ukiuma, mafuta yalikutiririkia mpaka kwenye kiwiko, nawe ukaulamba mkono bila haya. Watu waliotoka Karatina kumsalimia Mzee, mume wake, walijulikana wamefuata nini. Mzee mwenyewe alikaa kwenye kiti chake karibu na dirisha, na sahani yake haikuwahi kuwa tupu. Mwalimu aliijaza kabla ya kujaza ya mgeni yeyote. Hakuwa mwanamke wa maneno matamu, na nadhani sahani ile ndiyo iliyokuwa barua yake ya mapenzi.

Mzee alikuwa mcheshi. Aliweza kumwigiza mhubiri, karani wa kiwanda cha kahawa, ng'ombe aliyekataa kukamuliwa, na mkewe. Ndiyo maana siku ile tulicheka. Alikuwa anasimulia jambo, sambusa mkononi, mara mdomo wake ukaenda upande, maneno yakawa mazito, na sambusa ikaanguka juu ya suruali. Tulidhani anamwigiza mlevi. Tukacheka. Mtu mmoja akapiga makofi. Chai ikaanza kumtoka kwenye kona ya mdomo, nasi bado tulikuwa tunacheka, na katikati ya kicheko kile nikamwona Mwalimu amesimama kwenye mlango wa jikoni na kijiko cha matundu mkononi, mafuta yakidondoka sakafuni, hacheki. Yeye alijua kabla yetu sote. Sijawahi kukisahau kicheko kile, na hata leo mtu akichekesha sana namwangalia mdomo kwanza.

Mzee hakufa. Alirudi kutoka hospitali na fimbo, mguu wa kushoto ukiburuta, mkono wa kushoto ukining'inia kama si wake. Daktari alisema presha ilikuwa imekaa mwilini muda mrefu bila mtu kuijua, akataja chumvi, akataja mafuta. Mwalimu alisikiliza amenyooka. Wiki hiyo hiyo aliliondoa karai jikoni, akalipeleka nje, akapanda dania ndani yake. Mara moja tu aliniambia kilichokuwa moyoni, tukiwa tunachambua mboga. Alisema, "Mimi nimefundisha wasichana wa watu mlo kamili miaka yote hiyo. Na mume wangu nikamlisha sumu kila Jumapili, nikijua ni mapenzi." Nilitaka kumwambia si kweli, lakini nilimwogopa hata katika huzuni yake, nikaendelea kuchambua.

Mzee alikataa karibu kila kitu alichowekewa mezani. Alikuwa amekubali kupoteza mguu na mkono, lakini sambusa alisema hapana, hizo yeye na mkewe walikuwa wameahidiana. Ndipo Mwalimu alipoanza vita na oveni. Lilikuwa jiko la gesi lenye oveni chini, zawadi aliyopewa alipostaafu, nalo mpaka wakati huo lilikuwa linahifadhi sufuria. Aliniita langoni. Nikaenda, nikasimama pembeni ya meza kama mwanafunzi.

Sambusa za kwanza zilitoka ngumu. Mzee aligonga moja kwenye meza, akauliza kama kuna mtu nyumbani. Za pili zilikuwa nyeupe na zilikuwa na ladha ya unga mbichi. Mwalimu hakukasirika. Alisema jikoni hakuna kubahatisha, kuna kujaribu tena. Aliacha unga mweupe akachukua atta, unga wa ngano isiyokobolewa, akaukanda na maziwa lala yaliyoganda ili ulainike, akauacha upumzike chini ya kitambaa chenye unyevu, akausukuma mpaka ukaona alama za meza kupitia kwake. Ndani alitia punje ndogo za kamande zilizochemshwa, karoti, kitunguu, tangawizi, dania ya lile karai, na nyama kidogo isiyo na mafuta. Chumvi akaweka limau mahali pake. Mafuta alichovya brashi, akaipangusa ukingoni mwa kikombe, kisha akapaka kila sambusa mara moja tu, upande mmoja na upande wa pili. Oveni ilikuwa imeshawaka na trei ilikuwa imeshapata moto kabla sambusa hazijawekwa, kwa sababu aligundua trei baridi ndiyo iliyozifanya zitoke jasho chini. Zilipofika rangi ya udongo mwekundu wa Mukurweini alizigeuza, akazirudisha.

Zilikuwa nzuri. Nasema ukweli, ingawa nilikuwa na hofu ya kusema lingine. Zilivunjika kwa sauti, na ndani palikuwa na moto na tangawizi. Mzee alikula moja akitazama dirishani, akala nyingine. Halafu akasema zile ni sambusa zilizookoka, zimeacha anasa za dunia. Mwalimu aligeuka upande wa sinki ili asimwone akitabasamu.

Kuhusu woga wake, ilinichukua muda kuuona, kwa sababu kwa macho ya kawaida Mwalimu hakuogopa chochote. Aliwahi kumfukuza mwizi wa kuku kwa kifimbo cha kusukumia chapati, akamkimbiza mpaka barabarani, na kumwita arudi achukue kiatu chake. Kwenye matanga alifunua sufuria za watu akaonja, akasema wazi kwamba marehemu alistahili wali ulioiva. Lakini mbuzi akichinjwa aliondoka. Mvua ya radi ilimkuta chini ya meza akijifanya anatafuta kitu. Na tangu Mzee alipougua alianza jambo ambalo mtaa mzima ulilizoea. Akiwa jikoni, Mzee sebuleni, aliita, "Mzee?" Naye Mzee akajibu, "Niko." Baada ya muda kidogo tena, "Mzee?" "Niko." Kutwa nzima, mpaka giza. Hakuwa na la kumwambia. Alikuwa anataka kusikia kama yuko.

Na sisi tukaambukizwa. Mimi nilikuwa nikifua upande wangu wa ua, nasikia "Mzee?", mkono wangu unasimama ndani ya maji mpaka nisikie "Niko". Jibu likichelewa, hata kama ni kwa sababu mzee wa watu anameza chai, niliacha nguo nikaenda uani na povu mikononi. Mume wangu alinicheka, akasema siku hizi nafua kwa saa ya watu wengine. Usiku wake nikamkuta yeye mwenyewe amesimama dirishani, anangoja vilevile.

Presha ya Mzee ilishuka mwanzoni, halafu ikaanza kupanda. Kila waliporudi kliniki ilikuwa juu zaidi ya walivyoiacha. Mwalimu alirudi nyumbani na uso wa mtu aliyefeli mtihani ambao hakuyajua maswali yake. Alishuku limau. Alishuku maziwa lala. Aliacha nyama, akaacha ile brashi ya mafuta, akapunguza tangawizi, mpaka sambusa zikawa karatasi iliyofungwa kamande. Mzee alikula bila kulalamika, na hilo lingetosha kutushtua, lakini hatukuwa na akili hiyo. Alasiri moja Mwalimu alikuja langoni kwangu, na kwa mara ya kwanza hakuita jina langu. Nilimkuta amesimama tu. Aliniuliza, "Msichana, ni nini sijatoa bado?" Alikuwa na unga kwenye nyusi. Nilipofunga lango nililia kwa hofu, kwa sababu kama Mwalimu hajui, nani anajua?

Jibu lilikuja siku aliyoita "Mzee?" na hakuna aliyeitika.

Akaita tena. Nilikuwa napalilia sukuma wiki zangu, nikainuka. Akaita mara ya tatu kwa sauti ambayo sikuwahi kuisikia kwake, nyembamba, ya mtoto. Nilipita katikati ya kaiyaba, miiba ikanichana mkono, nikamkuta ameshafika barabarani bila viatu, leso imemwanguka begani. Daktari alikuwa amemwambia Mzee atembee kila siku anyooshe miguu, na hiyo ndiyo saa yake ya kutembea, lakini kwa kawaida alirudi kabla ya chai. Tulikwenda mbio kuelekea mtoni. Mimi nilikuwa nikiangalia mitaro. Sitaki kusema nilikuwa natafuta nini mitaroni, ila nilikuwa naona viatu vya baba yangu.

Tulimkuta nyuma ya kibanda cha mama muuza viazi, amekaa juu ya kreti, sahani ya sambusa za kukaanga magotini, nyingine mdomoni.

Mama wa viazi alisimama, akapangusa mikono kwenye aproni. Alisema, "Mwalimu, usinikasirikie. Nilikuwa namhurumia tu. Mzee wa watu alisema ati hapewi chakula, anapewa dawa imekunjwa." Watu walikuwa wameanza kusogea, kama kawaida ya mtaa, na miongoni mwao alikuwa mwenye bucha. Mwalimu alimgeukia, akamuuliza taratibu, "Na wewe?" Mwenye bucha akaangalia chini, akasema ni kipande kidogo tu cha mbavu, asubuhi, akipita. "Na wewe?" alimuuliza mzee wa kanisa. Chapati mbili na supu, akasema, kwani mgeni akifika kwako utamwangaliaje tu? Kila mmoja alidhani ni yeye peke yake. Kila mmoja alikuwa amemwonea Mzee huruma kivyake, kwa siri, na kwetu mtu mzima hafiki mlangoni akaondoka mikono mitupu. Hivyo Mzee alikuwa anazunguka mtaa kila siku, mlango kwa mlango, anakula kwa siri ya kila mtu. Mimi pekee sikuwa nimempa kitu, na si kwa wema. Nilikuwa namwogopa mke wake.

Nilingoja Mwalimu apige kelele. Hakupiga. Alisema tu, "Sawa. Basi mtanisaidia kumzika." Akamshika Mzee kwapani, akamwinua, wakaenda nyumbani polepole. Hakuna aliyetembea nyuma yao. Mama wa viazi alikaa kwenye ile kreti, akaanza kulia.

Kesho yake Mwalimu alifanya jambo ambalo naona ndilo lililomwonyesha alivyo kuliko yote. Alirudisha brashi ya mafuta, akarudisha nyama na tangawizi, akaoka trei baada ya trei tangu asubuhi, kisha akapita kila nyumba iliyomhurumia mumewe na kuacha sambusa zilizofunikwa kitambaa. Aliwaambia huruma si dhambi. Mwenye kumhurumia amhurumie na hizi. Wakati wake wa kutembea ulipofika, Mzee akashika fimbo akatoka. Mama wa viazi akampa sambusa ya oveni. Mwenye bucha akampa sambusa ya oveni. Mzee wa kanisa akamkaribisha ndani, akaomba, akamfunulia sahani. Mzee alirudi akapita langoni kwangu, akaegemea, akasema, "Nimezunguka mtaa yote, nimekula kwa bibi yangu." Presha ilianza kushuka tena. Baadaye akina mama walikuja kufundishwa, na kwenye mikutano ya Jumapili hakukuwa tena na harufu ya mafuta, ingawa wapo walionong'ona kwamba wanakula kwao kwanza ndipo waje.

Sasa nifike kwenye lile ambalo lilininyima usingizi. Kanisani alikuwepo muuguzi aliyekuja na mashine ya kupima presha baada ya ibada. Mwalimu ndiye aliyepanga foleni. Alikamata vijana wakubwa waliotaka kutoroka, akawakalisha. Waliosita aliwaambia mficha maradhi kilio humfichua. Wale wenye kuogopa aliwashika mkono wa pili, akiwaambia wapumue. Lakini zamu yake ikikaribia kulikuwa na vikombe vya kuosha. Au kuna mtoto anamwita. Au atapimwa wiki ijayo, leo ametembea sana, mashine itasema uongo. Nilimwona akifanya hivyo tena na tena, na mganga hajigangi, nikasema moyoni, nikajaribu kucheka. Halafu akaanza kujifunga leso kichwani, kuizunguka, kuikaza kwa fundo. Nilimuuliza. Alisema ni baridi.

Nilirudi nyumbani nikakaa kitandani mchana. Nilijua ninachokiona. Nilikuwa nimekiona kizima Gakindu, kuanzia kitambaa mpaka kikapu. Nilitaka kwenda kwake nimwambie, na kila nilipofika kwenye ua niliona nitakavyotazamwa, na pia, kwa undani zaidi, niliona kwamba nikisema kwa mdomo litakuwa kweli. Nilimwambia mume wangu aseme yeye. Akaniuliza kama nina kichaa.

Ilikuwa Julai ya mwaka jana, ukungu umeshuka mpaka huoni lango lako mwenyewe, nikasikia harufu ya kuungua kutoka upande wa Mwalimu. Miaka yote hiyo Mwalimu hakuwahi kuunguza kitu. Niliita. Nikapita palepale kwenye kaiyaba, nikasukuma mlango wa jikoni. Moshi ulikuwa unatoka kwenye oveni, naye alikuwa amekaa juu ya stuli mbele yake, mikono magotini, leso imekazwa kichwani, anaitazama kama mtu anayetazama runinga. Nilizima gesi, nikafungua dirisha. Aligeuka, akanitazama. Akasema, "Msichana, mbona mko wawili?"

Nilimwambia niko mmoja, nikamwambia twende akapimwe, sasa hivi, na sauti niliyoitumia sikujua ninayo. Akakataa. Nikamshika mkono, akauvuta. Alisema, "Wakinipima wataniambia niko nayo. Wataniambia nilale. Nikilala, nani atampikia? Hawa watamrudishia karai, wamuue wakimhurumia." Ndipo nilipoelewa. Nilikuwa nimedhani anaogopa kufa. Alikuwa anaogopa kutokuwepo jikoni.

Mzee alikuwa amesimama mlangoni. Sijui alikuwa amesikia tangu wapi. Wanaume wa rika lake hawaingii jikoni. Chakula huwafuata walipo, na katika ndoa yao yote sikuwahi kumwona akivuka kizingiti kile, hata alipotaka maji ya kunywa aliita. Sasa alivuka. Alikuja akiburuta mguu, akiegemea ukuta, akamnyooshea mkewe fimbo yake. Akasema, "Shika hii. Simama, Mwalimu. Tunaenda." Naye Mwalimu, ambaye hakuwahi kuamriwa na mtu mbele yangu, akaishika.

Mwenye bucha alitupeleka na pikapu yake, akiendesha kwenye ukungu na taa zote zimewaka. Hospitalini muuguzi alimfunga kitambaa cha mashine mkononi, akatazama namba. Akahamishia mkono wa pili, akatazama tena, akatoka haraka kumwita daktari. Mwalimu alikuwa amefumba macho tangu mwanzo. Aliniuliza, "Ni mbaya?" Nikasema ni mbaya. Akauliza, "Kama ya baba yako?" Sikujua kama aliwahi kuyafikiria ya baba yangu. Nikamwambia, "Baba hakupimwa, Mwalimu. Wewe umepimwa."

Machozi yakatoka chini ya zile kope zilizofumbwa. Alisema, "Mzee, mimi naogopa." Mzee alikuwa kwenye benchi kando yake, ameuweka mkono wake mzima juu ya goti la mkewe. Alimjibu, "Najua. Umeogopa peke yako siku mingi. Leo tuogope wawili."

Walimlaza. Tulikuwa tunapeleka uji kwa zamu, na Mzee alikaa nyumbani bila mtu wa kumwita, nami upande wangu wa ua nilikuwa nikimwita badala ya mkewe. Mwalimu alipotolewa alipewa dawa za kumeza kila siku, na amri ya kukaa: asibebe, asiiname, asisimame mbele ya moto. Nilikwenda kumwona asubuhi yake ya kwanza nyumbani nikitegemea kumkuta kitandani. Alikuwa jikoni, kwenye stuli, amefungwa shali, kwa sababu Mzee ndiye aliyemkalisha pale. Mezani kulikuwa na unga wa atta, maziwa lala na bakuli la kamande ambazo mama wa viazi alikuwa amezichemsha. Mzee alikuwa amevaa aproni ya mkewe, na ilikuwa imemkaa vibaya. Nadhani jikoni pale palimtisha kuliko hospitali.

Akasema, "Haya, Mwalimu. Nifundishe. Tunaanza na nini?"

Mwalimu, aliyewafundisha wasichana wa mlima mzima, alitazama meza, akanitazama mimi. Mwishowe akasema kwa sauti ndogo kwamba mtu huanza na kunawa mikono.

Mzee akaenda kwenye sinki, akafungua mfereji kwa mkono wa kulia na kuuweka chini ya maji. Akaunyanyua ule wa kushoto kwa kuushika, akauweka nao. Akachukua sabuni. Ikateleza. Akaichukua tena, akajaribu kuisugua kwenye kiganja kisichofunga, ikateleza tena ndani ya sinki, naye akabaki anaitazama, maji yanatiririka. Mimi nilipiga hatua. Lakini Mwalimu, aliyekatazwa kusimama, alikuwa ameshainuka. Alijishikilia kwenye meza, akafika, akaokota sabuni, akachukua mikono yote miwili ya Mzee na kuiosha, ule mzima na ule mwingine, kidole kwa kidole, katikati ya vidole, chini ya kucha. Alikuwa analia waziwazi na hakujificha. Mzee aliinamisha kichwa akamwachia mikono yake.

Sikuwa na la kufanya pale. Nilichukua chekeche, nikaanza kuchekecha unga.